Kutoka "Ninge" Hadi "Nika"

Siku ya tatu, saa nne kasorobo asubuhi, Elifasi Ntandu alivuka.

Nilikuwa nimemsubiri tangu Jumatatu. Sikumsubiri kwa rungu. Mambo ya rungu na ndoo ya maji yaliisha enzi za bibi zetu, na vijana wanaojiunga na jeshi la polisi siku hizi ukiwasimulia wanacheka. Mimi nilimsubiri kwa chai ya tangawizi, kwa vitumbua vya moto, na kwa "pole sana, kaka" nyingi kuliko alizopewa msibani. Chumba chetu cha mahojiano pale Singida kina zulia, kina dirisha linalotazama mashamba ya alizeti, na kina kiti ambacho hata mke wa mkuu wa mkoa angekikubali sebuleni kwake. Mtuhumiwa anavaa kofia ya nyuzi laini. Ukutani nyuma yake, mahali ninapoona mimi na yeye haoni, kuna taa. Akisema jambo alilolibuni, taa inakuwa ya njano. Akisema jambo analolikumbuka, inakuwa ya kijani. Mashine yenyewe tunaiita Shahidi.

"Tuseme ulikuwa pale chini ya mnara," nilimwambia. "Tuseme tu, kaka Elifasi. Gidioni amekuja na hasira zake za jana. Ungefanyaje?"

"Ningemwambia aondoke, afande."

"Asipoondoka?"

"Ningemsukuma. Labda."

"Kwa mkono gani?"

Aliitazama mikono yake. Alikuwa fundi wa mitambo ya upepo, miaka ishirini na tisa, kucha zimejaa grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Kaka yake Gidioni aliokotwa Jumapili asubuhi chini ya mnara namba kumi na nne, kichwa kimepasuka. Jumamosi, siku moja kabla, walikuwa wamegombana nyumbani kwa mama yao, majirani wote wanasikia, kuhusu nani atakaa na mama. Jumapili Gidioni alimpigia simu mara tatu. Elifasi aliona jina na hakupokea, kwa hasira tu. Simu zile tatu ndizo nilizopitia kuingia moyoni mwake. Mtu anayejilaumu kwa jambo dogo la kweli ni rahisi kumtwisha kubwa la uongo. Wakati ule sikulisema hivyo. Nilisema ana dhamira inayomsumbua.

"Wa kulia," alisema.

"Fundi asubuhi anakuwa na nini mkononi?"

"Spana."

"Nzito?"

"Ile namba thelathini na mbili ni nzito. Na ya baridi, asubuhi."

"Enhe. Sasa Gidioni haondoki."

"Angenitukana. Angesema mama ananipendelea. Ninge..." Alifumba macho, machozi yakamtoka chini ya kope. Nilisubiri. Katika kazi hii ukimya ni chombo kama vyombo vingine. "Akanitukana," alisema. "Nikamsukuma. Akarudi tena, nikampiga na spana, hapa juu ya sikio. Akaanguka. Nikasikia kichwa kinagonga zege."

Taa ikawa ya kijani.

Watu wa nje wanadhani mpelelezi anasubiri siri. Mimi nilikuwa nasubiri silabi mbili. Mtu anayefikiria husema ningempiga. Mtu anayesimulia husema nikampiga. Kati ya ninge na nika pana mto, na kazi yangu kwa miaka kumi na moja ilikuwa kuvusha watu. Chuoni walitufundisha kwamba kumbukumbu ya kweli ina mwili: ina harufu, ina baridi, ina uzito mkononi. Uongo ni mwepesi, una maneno matupu. Shahidi anapima huo mwili. Hakuna mwanafunzi aliyenyoosha kidole kuuliza itakuwaje kama uongo utavalishwa mwili kidogo kidogo, siku tatu mfululizo, na mtu mwenye sauti ya upole. Hata mimi sikuuliza, na nilikuwa wa kwanza darasani.

Nilimpa Elifasi leso. Akanishukuru. Wengi hushukuru.

Halafu nikaandika taarifa kwa sentensi ileile tunayotakiwa kuiandika: Mtuhumiwa alieleza kwa hiari yake, bila kushawishiwa. Ilikuwa mara yangu ya sitini na mbili. Maneno ya chumbani huandikwa na mashine nyingine, nayo imefundishwa kuondoa maneno ya kujazia ili hakimu asichoke. Inaondoa "yaani", inaondoa "enhe", inaondoa "tuseme". Ukisoma jalada la Elifasi utakuta mimi nauliza na yeye anajibu, basi.

*

Mahakama yetu husoma taa. Kijani haihitaji ushahidi mwingine. Ndivyo sheria inavyosema, na sisi polisi tuliipigia makofi sheria hiyo. Kwa mauaji adhabu ni moja, inaitwa Kuanza Upya. Mtu anafutwa kumbukumbu za maisha yake yote, anapewa jina jingine na kazi katika mkoa mwingine. Serikali inasema si kifo. Mtaani wanaita kuoshwa, na kila mtu anajua ni nani huoshwa. Elifasi alihukumiwa Alhamisi, kwa dakika kumi na mbili. Kuoshwa kwake kulipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatatu nilikwenda kwenye minara kufunga jalada. Ni kazi ya kukusanya vitu vya Elifasi: kofia ya chuma, buti, mkanda wa usalama. Mtunza stoo, mama mmoja mnene mwenye miwani, alinisainisha kitabu huku hanitazami.

"Mkanda wake ni huu," alisema. "Alikuwa kijana mwangalifu. Hapandi bila kujifunga."

Mkanda wa mafundi wa minara una kidude kinachorekodi ni saa ngapi umefungwa, uko juu kiasi gani, na kama moyo wa aliyeuvaa unapiga. Nilikibonyeza kwa sababu tu nilitaka kuandika kwamba kinafanya kazi. Jumapili: umefungwa saa tatu kasoro dakika kumi. Mita tisini. Umefunguliwa saa nne na dakika ishirini.

Daktari alikuwa ameandika kwamba Gidioni alikufa kati ya saa tatu na saa tatu na nusu.

Nilimuuliza yule mama Jumapili kulikuwa na mafundi wangapi zamu. Akasema mmoja. Nikakaa juu ya kreti la nati. Kilichomuua Gidioni sikijui mpaka leo, pengine kitu kilidondoka, pengine mtu mwingine alikuja. Lakini mdogo wake wakati ule alikuwa juu mawinguni akikaza nati, na mimi nilikuwa nimemfundisha baridi ya spana.

Afande Kisaka, mkuu wa upelelezi wa mkoa, alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Ningependa kumchora mbaya, ingenipunguzia mzigo.

"Mkanda hauna jina," alisema.

"Alikuwa zamu peke yake, afande."

"Basi saa ya mkanda imekosea. Kijani haikosei."

"Nilimvusha mwenyewe. Najua nilivyomvusha."

Aliinuka akafunga mlango. Alipokaa tena sauti ilikuwa ya chini.

"Edina, fikiri unachotaka kunisomesha. Kama huyu umemvusha hivyo, wale sitini na mmoja uliwavushaje? Wameshaoshwa wote. Mmoja anauza samaki Mtwara, hajui kama aliwahi kuwa na watoto. Utamwambia pole kwa jina gani?"

Mpaka wakati ule nilikuwa nimemfikiria Elifasi tu, na ghafla chumba kikajaa watu.

"Sheria ina milango miwili," alisema. "Mwenyewe akane, mbele ya taa. Au mpelelezi akiri dosari, naye mbele ya taa. Ikiwaka kijani, nitapeleka mimi mwenyewe kwa hakimu. Zaidi ya hapo usiniombe."

*

Jumanne nilimkuta Elifasi amenyolewa nywele tayari. Alikuwa ametulia kuliko mimi. Nilimvalisha kofia, nikamwonyesha rekodi ya mkanda, nikamsomea saa.

"Ulikuwa juu, mdogo wangu. Hukumuua."

Aliisoma polepole, kidole kikifuata namba.

"Basi niliuacha juu, nikashuka bila mkanda," alisema.

"Mkanda ulikuwa unasikia moyo."

"Sijui, afande. Mimi nakumbuka." Alisema kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa. "Nasikia lile zege kila nikilala. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikuwepo?"

"Anaweza. Nimekufanyia hivyo mimi."

Akatikisa kichwa. Nilimwomba aseme tu: sikuwa chini, nilikuwa juu.

"Sikuwa chini. Nilikuwa juu."

Njano. Nikamwomba arudie. Njano. Mara ya tatu alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeapa, na taa haikubabaika.

"Ni njano, siyo?" aliniuliza.

"Umejuaje?"

"Nikisema hivyo sioni kitu. Siku zote ninapanda, asubuhi zote zinafanana. Lakini ile ya chini naiona yote." Akanirudishia ile rekodi. "Mwambie mama asije Ijumaa. Ataugua."

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na halikuja kwa kunyata. Ijumaa ilikuwa mbali ya kutosha. Siku mbili, pengine moja na nusu, kwa mtu aliyeshalainika namna ile. Ningeweza kumrudisha kwa njia ileile niliyompelekea.

"Elifasi," nilisema. "Tuseme ulikuwa juu."

Aliinua macho. Uso ulilegea papo hapo, ukawa uso wa Jumatano ile, uso wa mwanafunzi mtiifu anayesubiri aambiwe ukurasa.

"Tuseme umeshafunga mkanda. Ungeona nini?"

"Ningeona alizeti," alisema. "Zote zimegeukia kule."

"Upepo?"

"Ungekuwa mkali masikioni. Ningevuta kofia."

"Chuma kingekuwaje?"

"Cha baridi." Akafumba macho. "Ningeegemeza goti kwenye ngazi, ninge..."

Taa ilicheza. Ile njano ilianza kupauka pembeni, nami naifahamu rangi ile. Nusu saa tu, hata siku mbili zisingehitajika. Na nikaogopa. Sikuogopa kukamatwa. Niliogopa jinsi alivyokuwa akinifuata, mguu kwa mguu, bila kuuliza tunakwenda wapi. Ningemwambia alikuwa Tabora siku hiyo, angeenda Tabora. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamtia tena mtu kitu kichwani, na huyu ndiye niliyekuwa nimemwapia. Nilijiambia ukweli wa kupandikizwa ni uongo tu uliobahatika. Nilijiambia mlango wa pili upo, mlango safi: niende nikakiri mwenyewe.

Nikamvua kofia.

"Tumemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza."

Nilitoka nikijiona mwema. Niseme wazi, maana kuficha hakunisaidii tena: nilijiona mwema sana.

*

Jumatano kofia nilivaa mimi. Katika miaka yote ile sikuwahi kuivaa. Inabana kidogo kwenye paji. Afande Kisaka alikaa kwenye kiti changu, na hakimu, mwanamke mzee mwenye mafua, alitutazama kutoka kwenye skrini. Taa ilikuwa nyuma yangu. Nililazimika kuisoma usoni kwa Kisaka, kama walivyonisoma mimi wote waliokaa pale.

"Eleza," alisema.

"Nilimwekea Elifasi Ntandu maneno mdomoni. Nilimpa spana. Nilimpa mkono wa kulia. Nilimpa baridi."

Kisaka alitazama juu ya bega langu. Nikaendelea. Nilieleza ninge na nika, nilieleza tuseme, nilieleza vitumbua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikiongea kama ninayesoma hadithi ya mtu mwingine. Nilijua kwamba ni kweli. Lakini nilipojaribu kukiona kile chumba, na mimi ndani yake nikimlisha mtu maneno, sikukiona. Nilichokiona ni mpelelezi mpole anayeuliza, na kijana anayelia na kusema.

"Njano," alisema hakimu, akapenga kamasi. "Yote."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Nasema dhidi ya nafsi yangu."

"Afande Kisaka, mpe asome taarifa yake ya awali, tulinganishe."

Alinipa karatasi. Nikasoma. "Mtuhumiwa alieleza kwa hiari yake, bila kushawishiwa."

Hakuna aliyehitaji kuniambia. Niliiona usoni kwake: kijani.

Nilikuwa nimeisema mara sitini na mbili kwenye majalada. Nimeisema mahakamani. Nimeisema darasani nikifundisha wenzangu, na mezani nyumbani mwanangu aliponiuliza kazi yangu ni kazi gani. Kila mara niliisema kwa utulivu, nikiona chumba, nikinusa tangawizi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha mtuhumiwa nikijihoji mwenyewe, na nilikuwa nimevuka zamani, bila mtu kunipa leso.

"Una uchovu, inspekta," alisema hakimu. "Ni kazi ngumu. Kapumzike."

Nilitoka mbio kwenda kwa Elifasi. Sasa nilikuwa tayari. Ningemwambia alizeti, ningemwambia upepo, ningemvusha kwa mikono miwili na nisingejali kuitwa nani. Askari wa zamu alinionyesha kitanda kitupu. Waliohukumiwa huhamishiwa Kituo cha Kuanza Upya siku mbili kabla, kwa ajili ya dawa ya maandalizi. Huko mpelelezi haingii. Kanuni hiyo nilikuwa nikiijua kwa moyo, na Jumanne sikuikumbuka.

*

Mama yao alikuja Ijumaa, japo nilimpelekea ujumbe asije. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa maua nje ya geti la Kituo, mkoba mapajani. Mjini wanamwita Mama Gidioni. Nilimwamkia, hakuitikia. Nikakaa, nikiacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Wewe ndiye afande Edina," alisema.

"Ndiye, mama."

"Alimuua mwenzake?"

"Hapana."

"Unajua, au unanipoza?"

"Najua."

Nilimweleza yote. Sikuulizwa yote, lakini nilimweleza: mkanda ulivyosema, Elifasi alivyokataa kuniamini, taa yangu ilivyonikana. Nilimweleza na Jumanne, jinsi nilivyomshika mkono kumrudisha na nilivyomwachia katikati kwa kuwa sikutaka kumtia tena kitu kichwani. Nadhani nilitaka aniambie nilifanya vyema. Mtu anaweza kuwa mpumbavu kiasi hicho mbele ya mama aliyefiwa.

Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Kumfundisha uongo wa kumleta hapa ulijua," alisema. "Ule wa kweli, wa kumrudisha nyumbani, ndio uliouonea haya?"

"Niliogopa kumharibu tena, mama."

"Ulijiogopea wewe. Mwanangu ungenirudishia hata ameharibika. Ningekaa naye hivyohivyo."

Alichosema kilikuwa sahihi, na nilikijua tangu nilipomvua ile kofia.

Saa saba na robo geti lilifunguka. Getini wana bango la masharti: ndugu haruhusiwi kujitambulisha, kumwita aliyeanza upya kwa jina la zamani, wala kumgusa. Akivunja, aliyeanza upya anarudishwa ndani na kufutwa mara ya pili, na ya pili wengi hawainuki. Mama Gidioni alilisoma bango lote kwa midomo, halafu akasimama na kuweka mikono nyuma.

Elifasi alitoka na mhudumu mmoja. Amevaa shati jipya la bluu lenye mikunjo ya dukani, viatu vipya vinavyolia. Alitembea vizuri, bila wasiwasi, akitazama miti na magari kwa hamu kama mgeni anayeupenda mji. Kucha zake zilikuwa zimesafishwa. Alinipita mimi bila kunitazama. Alipofika mbele ya mama yake alipunguza mwendo, maana alikuwa kijana aliyelelewa vizuri na hilo hawakuweza kumfuta, akainamisha kichwa kidogo mbele ya yule mwanamke mzee asiyemjua.

"Shikamoo, mama."

Mikono ya Mama Gidioni ilibaki nyuma, imeshikana.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kama mama yeyote anavyomjibu kijana yeyote, na akamwacha apite.